Msomaji wa Saa Kumi

…na bado hajamjibu, dakika ya tatu hii, vidole viko juu ya herufi lakini havishuki, na mtu yule amesimama palepale mbele ya meza ya maktaba, si meza ya mbao, ni meza ya kule ndani, kwenye kioo cha kompyuta, kwenye Kisiwa cha Vitabu ambako Ernestine anahudumia wasomaji kila Jumamosi huku mwenyewe amekaa juu ya kiti cha plastiki chumbani kwake Katoyi, mjini Goma, mvua inapiga mabati, na maneno ya yule mtu yanamtazama kutoka kwenye kisanduku chao cheupe, “Mama, minatafuta mutoto yangu Uwizeye. Banasema anasomaka hapa kila siku ya posho. Uniambie tu kama ni muzima. Basi,” na hilo basi ndilo linalomkaba, mtu anayeandika basi ameshajipunguzia mwenyewe, ameacha yote mengine njiani, hataki anwani, hataki namba ya simu, anataka neno moja, na neno lenyewe Ernestine analo, liko hapa kwenye ulimi, mzima, ni mzima, Papa, na zaidi ya mzima… lakini hapo hapo anajizuia, hata kufikiri anajizuia, kana kwamba mtu yule angeweza kumsoma kupitia kioo, na saa pembeni inaonyesha kumi kasoro dakika kumi na moja, na saa kumi kamili msichana mwenyewe ataingia, anaingia kila Jumamosi, hiyo siku ya posho, saa kumi kamili, atatokea pale mlangoni na mwili wake mrefu aliouchagua mwenyewe, kitenge cha bluu, jina lake juu ya kichwa, Nyange, jina la ndege, si Uwizeye, na huyu mtu atageuka, atamwona, na kama ana macho ya mzazi atamtambua kwa namna tu anavyoandika, Mungu wangu, dakika kumi na moja…

“…sasa bibi-arusi anashuka ku motokari,” Masika anasema kule kwenye kizingiti, Masika dada yake mkubwa, Yaya kama anavyomwita, amekaa na sinia la maharagwe mapajani, anachambua na kusimulia harusi ya binamu yao kule Butembo, ameanza kusimulia tangu mvua ianze na hajafika kanisani bado, “anashuka, robe inakwama ku mulango, batu bote banapiga makelele, unanisikia?” na Ernestine anasema mm, anasikia nusu, gauni, mlango, makelele, macho yake yako kwa mgeni, kwa ule mwili wa wageni, mwili ambao kila anayeingia mara ya kwanza anapewa bure kabla hajajifunza kujichagulia sura, suruali ya kijivu, shati jeupe, uso usio wa kijana wala mzee, mikono imening'inia, wote huja hivyo, hata yeye Ernestine alikuja hivyo siku ya kwanza, Mama Cikuru yule wa Bukavu anayeishi Ubelgiji, aliyekianzisha kisiwa, alimcheka kwa upole, akamwambia, mama, wewe sasa ni mwanaume wa suruali ya kijivu, tukutafutie kikwembe, na wakamtafutia kikwembe, kitenge cha kujifunga, na miwani, na tangu siku hiyo ana mwili wa pili ambao miguu yake haiumi hata akisimama kwa saa tano, na huyu mtu bado hana, huyu hajui hata kuketi, amesimama tu, na juu ya kichwa chake jina, Damascène, herufi ndogo zote, ameandika jina lake kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja, na pengine ni jina lake, na pengine si lake, mtu huku ndani anaandika jina lolote analotaka, hilo ndilo zuri la huku ndani na hilo ndilo baya la huku ndani.

Na rafu nyuma ya Ernestine, zile rafu ndefu, vitabu mia nne na ushee walivyonakili yeye na wenzake ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, vichache kwa Kinyarwanda na Kinande, kwa ajili ya watu waliotawanyika, aliye kambini Uganda, aliye Nairobi, aliye hapahapa Goma lakini shule yake imefungwa, wote wanaingia kwa simu zao za kioo kilichopasuka, wanakaa kwenye mabenchi ya kule ndani na kusomeana, na Ernestine anawaelekeza, hiki kiko rafu ya tatu, hiki bado hatuna, hiki nitakutafutia, kazi yake ileile aliyoifanya miaka kumi na minne kwenye chumba cha kusomea cha Mapendo, kile chumba cha ukuta wa mawe meusi ya volkano, mpaka Januari ile ya mapigano, watu walipolala humo familia kumi na moja, wakakosa kuni, na yeye mwenyewe Ernestine, hakuna aliyemlazimisha, yeye mwenyewe aliwaonyesha rafu ya kuanza nayo, chomeni hizi za hesabu za zamani kwanza, baadaye hizi za sheria za wakoloni, hadithi ziacheni mwisho, na mwisho ulifika siku ya sita, na hakumlaumu mtu, watoto walikula uji, lakini harufu, harufu ya gundi ya vitabu inapoungua haimtoki puani… acha hiyo, acha, rudi hapa, mtu anangoja.

Anangoja, na kisanduku kinatikisika, ameongeza maneno, polepole, neno moja, kisha kimya, kisha neno, “Anapenda bitabu ya nzuki. Mi nilikuwaka na mizinga kule Masisi. Tulikuwaka tunasoma naye,” na moyo wa Ernestine unaruka, kwa sababu ni kweli, kitabu cha kwanza kabisa ambacho Nyange aliomba kilikuwa cha kufuga nyuki, mwaka jana, Jumamosi ya kwanza, akauliza, “Mama, muko na kitabu ya nzuki?” na walikuwa nacho, kimoja, chembamba, chenye michoro, na msichana akakisoma kwa sauti mbele ya wengine huku akisahihisha, hapa wamekosea, malkia hafanyi hivi, papa alinionyesha… alinionyesha, alisema hivyo, Ernestine anakumbuka, alisema papa alinionyesha, na sauti yake ilipita kwenye lile neno papa bila kuchubuka, bila chuki, au ilichubuka na koneksioni ndiyo iliyoficha? Basi ni baba yake, huyu ni baba yake kweli, nani mwingine angejua habari za nyuki… nani mwingine? Mtu yeyote. Jirani. Shemeji. Mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye ule mlango kule Masisi na kuonja asali. Na hata akiwa baba, kuna mabinti wanaokimbia vita na kuna mabinti wanaokimbia baba, na wote wanapita barabara moja na mifuko ileile, hakuna anayeweza kuwatofautisha kwa kuwatazama mgongoni.

Kwa sababu msichana alisema. Mara moja tu alisema, wengine walikuwa wameshatoka, benchi zimebaki tupu, akaja mpaka karibu na meza, karibu sana, kama mtu anayetaka kunong'ona ingawa kule ndani kipindi cha kusoma kikiisha sauti huzimwa, na kunong'ona na kupiga kelele ni maandishi yaleyale, akasema jina langu la kweli ni Uwizeye, na niko mahali fulani, akalitaja lile jiji, jiji ambalo Ernestine hata moyoni mwake hapa, hata mvua ikipiga hivi, hataki kulitaja, halafu akasema, “Mama, kama mutu anauliza juu yangu, mimi siko. Hata kama ni nani,” na Ernestine akasema sawa, hakuuliza kwa nini, mkutubi haulizi kwa nini unataka kitabu hiki, ukianza kuuliza kwa nini watu wataacha kuja, akasema sawa tu, na baada ya hapo vitabu ndivyo vikasema, vitabu ndivyo vilivyomwambia yote, maana baada ya miezi miwili Nyange hakuomba tena nyuki, aliomba kile cha wizara ya afya chenye picha ya mama kwenye jalada, namna ya kutunza mimba mwezi wa saba, na Ernestine akampa bila kusita, rafu ya tano, kama anavyompa mtu kamusi, na baadaye, Jumamosi mbili hakuja kabisa, Ernestine alizunguka nyumba nzima kama kuku aliyekosa pa kutagia, na Jumamosi ya tatu saa kumi kamili akaingia, akaomba cha watoto wachanga, sura ya mtoto anayelia jioni, na siku nyingine mwili wake ukasimama kimya katikati ya kusoma, dakika tano, kumi, wengine wakamtania, Nyange amelala, halafu yakaja maandishi, “Samahani, nilikuwa nanyonyesha,” na mmoja akaandika pongezi, mwingine akaandika pongezi, kioo kizima pongezi, na tangu hapo wiki tatu mfululizo ameazima orodha ya majina, anaisoma, anairudisha, anaiazima tena, mtoto bado hana jina au ana jina ambalo hajaridhika nalo… na huyu babu yake, huyu hapa, mwenye mikono inayoning'inia, hajui hata kama kuna mtoto, anauliza kama binti yake ni mzima, basi, na mimi ninajua mpaka kwamba mjukuu wake bado anatafutiwa jina.

“…shemeji anachukua mukasi,” Masika anasema, “anakata robe! Anaikata, Ernestine! Robe ya kuazima!” na maharagwe yanaanguka kwenye sinia, ta, ta, ta, na Ernestine anasema kumbe, kumbe, na saa inasema kasoro dakika nane, betri asilimia kumi na tisa, jua halijatoka tangu asubuhi, paneli ya sola iko juu pale inanyeshewa bure, na anafikiri ningemwambia tu, neno moja, mzima, herufi tano, ningeliandika na kulifuta mara akishalisoma, nani angejua, Mama Cikuru yuko Ubelgiji amekaa na kahawa yake, nani angejua, na mama wa msichana, kama yuko, pengine yuko hapo nyuma ya huyu mtu sasa hivi, ameinama juu ya bega lake, wanatazama simu moja, wawili, wanangoja… na hapo inamjia Dative, binti yake mwenyewe, mwaka ule mlima ulipomwaga moto na mji mzima ukaambiwa uondoke, Dative ana miaka sita, mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mama yake, halafu haukuwa, hivyo tu, kwenye barabara ya Sake, watu kama mchanga, siku mbili Ernestine aliuliza kila mdomo uliofunguka, hakula, hakuketi, sauti ilimkauka mpaka akawa anauliza kwa mikono, kimo hiki, robe ya manjano, mpaka yule mama wa mahindi ya kuchemsha, mama mnene mwenye kovu la moto kiganjani, akasema bila hata kuacha kugeuza mahindi yake, “Mutoto wa robe ya manjano? Iko ku kanisa, nyuma, na masista,” maneno hayo tu, na alikuwepo, nyuma ya kanisa, anachora chini na kijiti, na kama yule mama angemjibu mimi sisemagi mambo ya watoto wa watu? Kama angebana midomo yake kama mimi ninavyobana sasa? Ningemfanya nini? Ningemlaani mpaka kaburini.

Basi mwambie, mwambie… na vidole vinashuka, kweli vinashuka, ameandika Pa, ameandika Papa, na hapo vinaganda, kwa sababu mahindi yakimjia na mwavuli unamjia, siku zote unakuja, ukimwita Dative anakuja na Kambere, msomaji wake wa zamani, nyuma yake, na nyuma ya Kambere mwavuli mweusi wa yule mtu mrefu mpole aliyesimama mlangoni pa chumba cha Mapendo, miaka minane iliyopita, akaukung'uta mwavuli wake nje, mara tatu, ili asiloweshe sakafu yake, na ni hilo, ni hilo lililomdanganya, mtu anayejali sakafu ya mwenzake, akasema shikamoo ya heshima, akasema, “Mama, kuna kijana anaitwa Kambere, ni mudogo yangu, tulipotezana tangu baba afe, banasema anapenda kusoma hapa, anang'ataka makucha, si ndiyo?” ndiyo, Kambere anang'ata kucha, Ernestine alicheka, alicheka kabisa, akafurahi kwa ajili yake, kijana mkimya asiye na ndugu sasa amepata kaka, akasema, “Anakuja Ijumaa, saa tisa, anakaa pale karibu na dirisha,” na akaonyesha kwa kalamu, akaonyesha kiti chenyewe kwa kalamu, na yule mtu akashukuru kwa mikono miwili. Na Ijumaa saa tisa Kambere alikuja, akafungua kile kitabu cha kufunga nyaya za umeme nyumbani, na wakaingia watu wawili, hakuna mwavuli, jua lilikuwa linawaka, na Kambere akawatazama, akaweka kipande cha waya kati ya kurasa, akakifunga kitabu mwenyewe, taratibu, akasimama, na alipopita mbele ya meza akasema, “Mama, usikirudishe ku rafu, niko narudi,” na hakurudi. Hakurudi wiki ile wala mwaka ule. Na mama yake akaja, mwanamke mdogo sana, kimo chake karibu sawa na meza, hakuuliza chochote ila kitabu, alitaka kuona mwanawe alikuwa anasoma nini, na Ernestine akampa, na yule mama akashikashika ule waya, akauliza, “Walijuaje atakuwa hapa?” na Ernestine… Ernestine alisema sijui. Alisema sijui, mama.

Anajifuta uso kwa upindo wa kikwembe. Kasoro dakika sita. Papa limebaki pale kwenye kisanduku, halijatumwa, na mshale unawaka na kuzimika pembeni yake, na yule mtu hajasogea. Miaka minane amekuwa akiyalaumu macho yake, kwamba hayakuona, kwamba mwenye akili angeuona ule uongo chini ya mwavuli, na tangu hapo kila anayemwulizia mtu anampima, anamgeuza huku na huku kama Masika anavyogeuza maharagwe, hili zima, hili limeliwa, na hata huyu sasa amempima, baba mwema au baba mbaya, baba au si baba, nyuki ni kweli, mikono inaning'inia, lile basi lake ni la kweli, ni basi lenye machozi, na kama nikijua tu, kama nikiwa na hakika tu kwamba ni mwema… lakini ngoja. Ngoja kwanza. Kama yule wa mwavuli angekuwa kaka wa kweli? Kaka mwema, mwenye machozi, aliyemtafuta mdogo wake kwa miaka? Ile Ijumaa bado ilikuwa ya Kambere. Kile kiti cha dirishani kilikuwa cha Kambere. Hakikuwa changu nikigawe kwa kalamu, si kwa mwongo wala kwa mkweli, kosa halikuwa kwenye macho yangu, halikuwa macho hata siku moja, na Dative… Dative alikuwa na miaka sita, alikuwa analia Mama, dunia nzima ilimsikia akilia Mama, yule wa mahindi hakufichua siri ya mtu, alipeleka tu kilio kwa mwenye kuitwa. Uwizeye hakulia hivyo. Uwizeye ana akili zake na mtoto wake kifuani, amesimama mbele ya meza yangu na kusema mimi siko, hata kama ni nani. Hata kama ni nani, alisema, na alipokuwa akisema alikuwa anamjua huyu nani, mimi ndiye nisiyemjua. Na kitu kinalegea kifuani mwa Ernestine, si furaha, hapana, ni kama mtu aliyebeba gunia kwa upande mmoja miaka yote na sasa amelihamishia bega la pili, zito vilevile, lakini anaweza kutembea.

Kwa hiyo hana haja ya kumpima huyu mtu. Anamtazama upya, lile shati jeupe la bure, na kwa mara ya kwanza tangu aingie haoni baba wala adui, anaona mtu amekuja maktaba na hajui pa kuanzia, na watu wa namna hiyo amewahudumia maisha yake yote.

Kasoro dakika tano. Kwanza mlango. Anafungua ubao wa matangazo, ule unaoonekana na wote kabla hawajaingia, wote, si mmoja, anaandika haraka, wasomaji wapendwa, leo tutaanza kusoma saa kumi na moja badala ya saa kumi, huku kwetu mvua, betri ni kidogo, mlango nimeufunga mpaka saa hiyo, mtusamehe, na ni kweli tupu, hakuna neno la uongo humo, asilimia kumi na saba sasa, anatuma, ubao unawaka kijani, na mlango wa kule ndani unajifunga polepole kama mlango wa kanisa, na hakuna atakayetokea pale na kitenge cha bluu kabla ya saa kumi na moja, na pumzi inamtoka ndefu mpaka Masika anageuka.

“Unalala ama unanisikia?”

“Minakusikia, Yaya. Robe ilikatwa.”

“Robe ilikatwa, na bibi-arusi anaingia mu kanisa namna ile, nusu!” na Masika anacheka mpaka sinia linatikisika, na Ernestine naye anacheka kidogo, hajui kwa nini, machozi yako karibu lakini anacheka, na vidole vinarudi kwenye herufi, kwenye lile Papa linalongoja, na sasa vinashuka bila kuombwa, “Papa Damascène, karibu maktaba. Mimi sisemi nani anasoma hapa na nani hasomi. Sisemi kwa mtu yeyote, sisemi hata kwa ndugu. Na wewe pia, mtu akija kesho kuuliza kama ulikuja hapa, sitamwambia,” anasita, anafuta ndugu, anaandika mzazi, anafuta mzazi, anarudisha ndugu, anaendelea, “Lakini karibu na mlango kuna sanduku la barua. Ukiandika barua na kuweka jina la mtu, itakaa humo mwaka mzima. Mwenye jina akipita siku moja ataiona, na ataisoma akitaka. Sitaifungua mimi. Siwezi kukuahidi kama itasomwa,” na hapo anataka kuongeza kitu, vidole vinawasha, anataka kuongeza usikate tamaa, na hilo usikate tamaa lingekuwa neno ndiyo lililovaa kanzu, lingekuwa neno mzima kwa mlango wa nyuma, angeelewa, mzazi yeyote angeelewa, na anaumia, kweli anaumia, anajua kwamba huyu mtu atalala leo bila neno lake, na mama wa msichana naye, na huenda wao ni watu wema kuliko wote Masisi nzima, na anaacha. Hataongeza. Anatuma hivyohivyo.

Kasoro dakika tatu. Mvua haijapungua, mabati yaleyale, Masika amefika kwenye keki. Mtu wa shati jeupe hajasogea hata kidole, na Ernestine anangoja matusi, ameyazoea, mmoja aliwahi kumwita mchawi wa ndani ya simu, anangoja mtu ageuke na kutoweka kama wanavyotoweka, puu, nafasi tupu, na kama akitoweka basi ndiyo mwisho, hakuna namba wala anwani yake, na atakuwa amemwacha baba wa watu arudi na mikono mitupu, na hilo pia litakuwa lake kulibeba, na anasema sawa, moyoni anasema sawa, nitalibeba, litakuwa na uzito wake lakini halitakuwa na kalamu inayoonyesha kiti. Na saa kumi na moja Nyange akija, hatamwambia nani alikuja, maana sasa anao wasomaji wawili, na siri ya huyu ni nzito kama ya yule. Atamwambia sanduku la barua liko pale, kama anavyowaambia wote. Na yule mama mfupi wa Kambere, inamjia ghafla, bila kuitwa, anakaa wapi siku hizi, walisema alihamia upande wa Kibati kwa mkwe wake, na watu wa Kibati nao walihama, lakini mtu anaweza kuulizwa, mtu anaweza kutafutwa, si kwa kioo, kwa miguu, Jumatatu, avae viatu vya kufunga, aende akamwambie ile sijui haikuwa kweli, mama, nilijua, ni mimi niliyewaonyesha kiti… na wazo halikimbii, linakaa, Jumatatu.

Kisanduku kinatikisika.

Neno moja. Kimya. Neno lingine. Anaandika kwa kidole kimoja huyu mtu, sasa Ernestine ana hakika, anaweza karibu kukiona, kidole kikubwa cha mkulima juu ya kioo kidogo, kinatafuta herufi, kinaipata, kinatafuta nyingine, na hamharakishi, anaweka mikono mapajani na kungoja kama alivyokuwa akingojea wazee wa Mapendo wamalize kuvaa miwani yao, na maneno yanakuja, yanakaa pale mbele yake.

“Mama, sijaandikiaka mutoto yangu barua hata siku moja. Mutu anaanzaka aje?”

Na Ernestine anavuta kiti chake karibu na meza, kwa sababu hilo ni swali, na rafu ya swali hilo anaijua.